Folda Themanini na Mbili za Masanja

Mmeniomba ukurasa mmoja. Neema ndiye mliyemtuma, akasimama mlangoni kwangu kama mshenga, akasema, "Mama Masjala, tuandikie mwongozo mfupi wa kupanga folda. Ukurasa mmoja tu, tutaubandika ukutani." Ukutani! Kando ya ile karatasi inayosema zima taa ukitoka, ambayo nimeibandika kwa mkono wangu mara nne na taa hazijazimwa hata siku moja. Nimekaa ofisini humo miaka thelathini na mitatu. Nimehesabu tena, ni thelathini na mitatu. Kwa ukurasa mmoja hatuelewani. Nawapa nilichonacho, msomaji atapunguza mwenyewe.

Jina la ofisi silitaji. Ni ofisi ya kupima viwanja na mashamba, iko Tabora mjini, na walioko humo wanajijua. Vyeo na mishahara naviruka pia. Mishahara mnaijua, na vyeo havijawahi kunisaidia kupata jalada hata moja.

Mimi ni mtoto wa duka. Babu wa babu yangu alifika mji huu na msafara kutoka pwani, akasema atapumzika wiki moja kisha aendelee Ujiji. Mpaka leo tunapumzika. Dukani kwetu kitambaa kilipimwa mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mteja, mara ya pili mteja akishatoka. Na bei ya kwanza haikubaliwi, hata ikiwa nzuri. Marehemu baba alisema ukiikubali ya kwanza, mwenzako atalala vibaya akidhani amepunjwa. Nilikuja kazini na mambo hayo mawili, kuhesabu mara mbili na kukataa bei ya kwanza. La kwanza limenisaidia sana. La pili mtalisikia.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Maganga, mkuu wa masjala, Mnyamwezi wa Uyui, mwembamba kama rula yake ya chuma. Masjala, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni chumba cha majalada. Kila kiwanja kina jalada lake, kila karatasi ndani ya jalada ina namba yake, na zote zimefungwa kwa ile kamba fupi ya kijani yenye vyuma miishoni, ambayo mkiiona mnaifungia chaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Sijakuuliza umemaliza nini."

Akanionyesha rundo sakafuni. "Hayo ni majalada arobaini na moja. Nitolee la shamba la Kigwa."

Nikapiga magoti na gauni langu jipya. Nikahesabu, arobaini. Nikahesabu tena, arobaini. La Kigwa halimo. Saa nzima ikapita, mwenyewe yuko kitini anakunywa chai, hanitazami.

"Mzee, ni arobaini. La Kigwa limepotea."

"Limepotea?"

"Nimehesabu mara mbili."

Akainuka taratibu, kikombe mkononi. Lilikuwa chini yake, bado la moto.

"Binti, liweke hili kichwani," akasema. "Jalada halipotei. Linakaliwa. Ukiambiwa limepotea, usitazame rafu, tazama nani amekaa."

Nilimchukia wiki nzima. Kisha jalada la kwanza lililopotea nikalikuta kwenye droo ya mtu aliyeapa hajaliona, la pili chini ya kiti cha gari la ofisi, la tatu nyumbani kwa mpima mmoja likiwa limewekwa chini ya mguu wa kitanda kilichoyumba. Nikaacha kumchukia, nikaanza kumsikiliza. Babu yake alikuwa mpagazi, amebeba vitambaa na pembe kati ya hapa na Bagamoyo, na Mzee Maganga alipenda kusema kwamba mzigo wa safari usio na alama ni wa kila mtu, yaani hauna mwenyewe. Alinifundisha kuweka alama. Alama ni namba, na namba ikae mahali pake. Nikaamini hivyo kwa moyo wote, kama mtu anavyoamini jambo alilolipata akiwa amepiga magoti.

Kompyuta zilipofika, mzee alikuwa ameshastaafu. Zililetwa tatu, tukazifunika vitambaa vya kudarizi kama redio ya bwana harusi. Tukaambiwa karatasi sasa basi. Karatasi hazikupungua, ziliongezeka, maana kosa moja sasa linaweza kutolewa nakala tano kabla ya chai. Mimi nikakabidhiwa kusimamia nyaraka za kwenye kompyuta, yaani nikapewa masjala nisiyoweza kuingia. Rafu ipo wazi, kila mtu anaiona. Kompyuta ya mtu ni kama sanduku la nguo, ana ufunguo wake na aibu yake.

Mkuu wetu wa wakati huo aliweka kila kitu kwenye uso wa kompyuta, pale pale inapowaka, mpaka picha ya mwanawe iliyokuwa nyuma ikabaki sikio moja. Nilihesabu vitu mia moja na tisini. Mara ya pili vikawa mia moja tisini na kimoja, kwa sababu aliongeza kimoja nikiwa nahesabu.

Dada wa mapokezi alikuwa na folda inaitwa Mpya. Ndani yake kuna Mpya nyingine, na ndani ya hiyo kuna Mpya Mpya. Nikamuuliza za zamani ziko wapi. Akasema, "Mama, hizo zote ni za zamani."

Mchora ramani alikuwa na Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho Kabisa wa Leo, na Hii Ndiyo. Ramani aliyopewa mteja ilitoka kwenye Mwisho. Ramani iliyokuwa sahihi ilikuwa kwenye Usifute. Wawili wengine waliotumia kompyuta moja walikuwa wanashindania kukaa juu ya orodha. Mmoja akaanzisha majina yake na aaa. Mwenzake kuona vile akaweka aaaa. Wakaendelea hivyo mpaka ukifungua kompyuta unadhani kuna mtu anang'olewa jino. Na wewe Neema, uliyetumwa kwangu, usicheke. Una folda ambazo hukuzipa jina kabisa, umeiachia kompyuta izihesabu yenyewe, na imefika kumi na saba. Mtu ana watoto kumi na saba na hakuna hata mmoja mwenye jina!

Nilikwenda meza kwa meza kufanya biashara.

"Usoni zibaki folda tatu."

"Kumi na moja, mama."

"Nne."

"Tisa, na mbili kati yake ni za kwaya."

"Tano, pamoja na kwaya."

Tukapatana sita. Wiki iliyofuata nikakuta ishirini, na kwaya imezaa.

Wote hao hawakunichosha kama Masanja.

Masanja alikuwa mpima, Msukuma wa Choma kule Igunga, mtu wa kicheko kikubwa na buti zilizoleta vumbi la wilaya nzima kwenye sakafu yangu. Kazi yake ilikuwa safi. Mipaka aliyoipima Masanja haikurudi ofisini kwa ugomvi. Lakini kila aliporudi kutoka porini aliingiza picha, vipimo na fomu zake kwenye kompyuta, akavitungia folda, na folda akaipa jina la tukio la siku hiyo. Pancha Mbili. Mvua ya Mawe. Fisi wa Mchana. Mama Mkwe Kafika. Ndani ya folda kila picha ina jina lililotolewa na kamera, herufi na tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote. Ukitafuta kiwanja kwa namba hukipati. Ukitafuta kwa jina la mwenye kiwanja hulipati.

"Masanja, hii Soda ya Moto ni kitu gani?"

"Ni kazi, Bi Zuwena."

"Kazi ya wapi?"

"Pale walipotupa soda ya moto."

"Ng'ombe wenu kule Choma mnawaita kwa namba au kwa mluzi?"

"Kwa majina, bibi wa dukani. Kila mmoja na kisa chake. Yupo Kavuka Mto, yupo Kamsukuma Mwalimu. Namba wanapewa wakienda mnadani."

"Namba ndiyo inayokutafutia kitu usipokuwepo."

"Mimi nipo."

"Leo upo."

Akacheka, akavuta kiti chake karibu. "Haya, tufanye biashara, maana ndiyo kabila lako. Namba mbele, kisa nyuma. Wewe upate yako, na mimi nipate yangu."

Ilikuwa bei nzuri. Niliijua kuwa ni nzuri hapo hapo alipoitamka. Lakini ilikuwa ya kwanza.

"Namba tupu," nikasema.

"Basi baki na tupu yako," akasema, "mimi nabaki na soda yangu."

Tukabishana hivyo miaka tisa. Kila mwaka ukianza nilimpelekea barua ya kumkumbusha utaratibu wa majina, na kila mwaka aliipokea kwa mikono miwili, akainama kama anapokea cheti, akaenda kuitia kwenye folda aliyoiita Bi Zuwena Kakasirika.

Alifariki miaka miwili kabla sijastaafu. Shinikizo la damu, kati ya Ijumaa na Jumatatu. Tulikwenda Choma kumzika, tukarudi, kompyuta yake ikabaki mezani na kofia yake juu yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiondoa ile kofia.

Nikiwa nimebakiza wiki sita, ikaamuliwa kompyuta hiyo ifutwe yote, ipewe mpima mpya. Nikaagizwa nitenge vya kutunzwa. Nikafungua, nikahesabu folda mia moja arobaini na tatu. Sitini na moja zilikuwa na majina ya akili: Ripoti, Ramani za Mjini, Barua, Muhimu Sana. Nikazihamishia kwenye utaratibu wangu. Themanini na mbili zilizobaki ndizo hizo za fisi na soda. Nilizisoma kwa sauti moja moja, ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka. Kisha nikazikusanya ndani ya folda moja, nikaipa jina la Takataka. Sitini na moja na themanini na mbili, mia moja arobaini na tatu. Nikajumlisha tena, sawasawa.

Nilizihesabu mara mbili. Sikufungua hata moja.

Nilijiambia ni mambo ya marehemu, si adabu kuyachungulia. Uongo huo ulikuwa umevaa vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshinda ubishi wa miaka tisa, na sikutaka kuangalia kama nimeushinda kwa haki.

Jumanne yake, saa tano asubuhi, akaja fundi Rama na mkoba wake kuifuta. Hajavuta hata waya, akaingia Bibi Kalunde wa Itetemia. Ni mama mtu mzima, kitenge kimefungwa juu ya kitenge, mkononi ana mfuko wa plastiki. Nikamwamkia, akaitikia, akamwaga mfuko mezani. Ndani mlikuwa na unga wa karatasi.

"Mchwa," akasema. "Hiyo ndiyo nakala yangu. Ninyi mnayo ya kwenu, mwanangu?"

Kisa chake kilikuwa kifupi. Jirani yake alikuwa amehamisha bikoni, lile jiwe la saruji la mpakani, akalisogeza mita sita ndani ya kiwanja cha bibi. Shauri lilikuwa linasikilizwa Alhamisi. Jirani alikuwa anasema mpaka ule haujui, hakusaini chochote, na siku ya kupimwa hakuwepo, alikuwa msibani Kigwa.

"Kaburi la mume wangu liko mita nne kutoka mpakani," akasema. "Huyu akishinda Alhamisi, Ijumaa anamwaga zege. Mawe ameshashusha."

Nikaenda masjala, nikatoa jalada lake. Karatasi ya kwanza mpaka ya sita zipo, ya nane ipo. Ya saba, fomu ya mipaka yenye saini za majirani, haipo. Nikatazama daftari la kutoa na kupokea: imechukuliwa na Masanja, itiwe kwenye kompyuta. Kurudishwa, hakuna.

Nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikatafuta ndani ya zile sitini na moja za akili. Kwa namba ya kiwanja, hakuna. Kwa jina la Kalunde, hakuna. Itetemia, hakuna. Nikatafuta tena vyote vitatu. Hakuna, hakuna, hakuna. Kwa hiyo kama ipo, ipo kwenye Takataka, na Takataka ipo kwenye kompyuta ambayo Rama ameshakaa mbele yake.

"Rama, njoo kesho."

"Kesho niko Nzega, Mama Masjala."

"Keshokutwa."

"Igunga. Na mkuu ameshasaini, mpima mpya anaanza kesho asubuhi."

"Basi nipe mpaka saa tisa."

"Saa sita."

"Saa nane, na unakula hapa."

"Saa saba. Na nakula."

Nikapata saa mbili. Themanini na mbili kwa saa mbili, na kompyuta yenyewe ni kongwe, kila folda ina picha mia mbili na zaidi, ukifungua moja unaweza kwenda kuchemsha maji ukarudi bado inafikiri. Kuzihamisha zote nako haikuwezekana. Flashi za ofisi ni nne, na zote nne zilijaa kwaya. Nikaketi kwenye kiti cha Masanja, nikaondoa kofia yake, nikafanya jambo ambalo kwa miaka thelathini na mitatu sikuwahi kumfanyia mteja yeyote. Sikumwuliza namba.

"Mayu," nikamwambia Bibi Kalunde kwa Kinyamwezi, yaani mama, "siku wapima walipokuja kwako, kulitokea nini?"

"Walipima."

"Mbali na kupima."

Akanitazama kama aliyeulizwa siri ya ndani. Kisha akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika. "Nyuki! Kulikuwa na mzinga pale kwenye kona. Yule mshika nguzo akaupiga na chuma chake. Wuuu! Mwanangu, hakubaki mtu. Mbuzi walikata kamba. Jirani yangu huyu akarukia kwenye pipa la maji ya mbuzi, akatoa pua tu."

"Jirani huyu anayesema alikuwa Kigwa?"

"Alikuwa kwenye pipa langu."

Nikaandika neno nyuki. Kompyuta ikawaza, ikaleta tatu: Nyuki, Nyuki Tena, Nyuki Hawa Sasa Basi. Ewe Masanja! Mkoa huu unakula asali mwaka mzima, mpima asiyefukuzwa na nyuki hapa hajazaliwa, na wewe unaandika nyuki kana kwamba ni habari! Nikafungua ya kwanza, tukangoja. Shamba la miti, si Itetemia. Ya pili, tukangoja. Nyumba zisizojulikana. Ya tatu ilikuwa na picha za mkono wa Masanja peke yake, umevimba, zimepigwa kutoka pande nne. Saa sita na nusu. Bibi Kalunde alikuwa anakunja ule mfuko wake wa mchwa, anaukunjua, anaukunja tena. Rama alikuwa ameshaanza kunusa chakula.

Nikainua mkono nipige meza. Nilitaka kumgombeza marehemu, kwa jina lake na la ukoo wake. Mkono ukiwa juu, nikatazama nimekaa wapi. Kiti ni cha Masanja. Kofia yake iko mapajani mwangu. Folda zake nimezikusanya mimi, nimezipa jina mimi, nimezikalia wiki nzima, za moto chini yangu. Tazama nani amekaa, Mzee Maganga alisema. Nikatazama.

Nikashusha mkono taratibu. Nyuki ni kisa cha Bibi Kalunde, nikajiambia. Yeye kafukuzwa mara moja maishani, hawezi kusahau. Masanja kafukuzwa mara mia. Yeye siku ile aliondoka na kisa gani?

"Mayu, yule mpima mnene, mwenye kicheko. Yeye alifanya nini?"

"Masikini, yule aliondoka na njaa. Nilikuwa nimemchinjia jogoo, yuko jikoni na karanga, bado kidogo tu. Nikapiga kelele, 'Baba, kula kwanza!' Gari limeshatoka, nyuki wanalifuata. Akawa ametoa kichwa dirishani, anatazama sufuria, siyo nyuki. Anatazama sufuria mpaka kona."

Mimi sikuhitaji kutafuta. Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwa sauti wiki iliyopita, na nilipofika hapo ofisi ilicheka kuliko mahali pengine pote. Kuku wa Watu Nimemwacha.

Nikaifungua. Tukangoja. Rama naye akaja nyuma ya kiti.

Ya kwanza ilikuwa kona ya kiwanja na mti wenye mzinga. Ya tano ilikuwa fomu ya mipaka, imepigwa picha vizuri, saini zote tano zimo, na saini ya jirani imepinda kama njia ya panya. Ya sita ikatueleza kwa nini imepinda. Jirani amesimama kando ya bikoni, nguo zinachuruzika maji, jicho moja limefumba kabisa, mdomo umekuwa wa watu wawili, na kalamu bado anayo mkononi. Nyuma yake lipo pipa.

Bibi Kalunde alisogeza uso mpaka karibu na kioo. "Ndiye," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akakaa chini, akajifunika uso na kitenge.

"Saa saba, Mama Masjala," Rama akasema, lakini kwa adabu. "Nifanyeje?"

"Kula, uende Nzega. Kompyuta hii haifutwi."

"Mkuu akiniuliza?"

"Mwambie Mama Masjala ameikalia."

Alhamisi nilikwenda na Bibi Kalunde kwenye baraza la ardhi, picha mbili mkononi, nakala mbili za kila moja. Jirani alipoonyeshwa, akasema huyo amefanana naye tu. Mwenyekiti akamuuliza Bibi Kalunde ana uhakika gani. Bibi akasimama. "Waulize mbuzi wangu," akasema. "Siku mbili walikataa yale maji." Hata jirani mwenyewe alicheka, na mtu akishacheka mahali kama pale, kesi yake imekwisha. Bikoni ilirudishwa ilipokuwa. Mawe ya zege yapo mpaka leo, watoto wanakalia.

Wiki zangu tano za mwisho niliketi na zile themanini na mbili. Nilifungua moja moja, nikingoja maji yachemke. Hamsini na saba zilikuwa kazi, viwanja na mashamba ya watu ambao siku moja mchwa watawafikia. Ishirini na nne zilikuwa picha za ng'ombe wake, na moja nitaitaja. Kisha, kwa kuwa nilishapoteza haki ya kumwamini mtu kwa jina la folda, nikarudi kwenye zile sitini na moja za akili. Ripoti ya Robo Mwaka ilikuwa ng'ombe. Muhimu Sana ilikuwa ng'ombe mmoja, kutoka mbele, nyuma na mbavuni. Hizo ndizo nilizozitunza kwa uangalifu.

Na Bi Zuwena Kakasirika? Barua zangu tisa, zote zimo, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na namba yake mbele. Ilikuwa ndiyo folda iliyopangwa vizuri kuliko zote ofisini, na yangu nikiihesabu humo.

Jumatatu moja Bibi Kalunde akarudi, kwapani ana jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Huyu wa Masanja."

"Mayu, nilikwambia. Masanja tulishamzika."

"Nimesikia. Kwani kwake hakuna watu?"

Nikampeleka jogoo stendi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Igunga, nikamfunga shingoni kipande cha karatasi chenye jina, kijiji na namba ya simu. Mzigo usio na alama hauna mwenyewe. Jioni mjane wa Masanja akanipigia kutoka Choma.

"Bi Zuwena, kuna jogoo ameshuka na jina langu. Nani kamtuma?"

Nikamweleza. Kisha nikamsikia anacheka huku anavuta pua. "Huyo kuku," akasema, "alinisimulia mwaka mzima. Kila nikipika, alikuwa ananiambia yule wa Itetemia alinukia zaidi."

Sasa ukurasa wenu, Neema, na ukitaka kuubandika ubandike, utabakiza nafasi. Namba mbele, kisa nyuma. Namba ni ya ofisi, itatafutwa mkiwa hampo. Kisa ni cha mwenye kiwanja, atakuja nacho mchwa wakishamaliza karatasi. Na kwenye fomu ya kupokea wateja nimeongeza mstari mmoja chini, msiufute mkidhani ni mzaha: siku mliyopimiwa, kulitokea nini? Hiyo ni bei ya Masanja, ile ile aliyoitaja mwanzo, nami nimeilipa yote bila kupunguziwa, nikiwa nimechelewa miaka.

Siku yangu ya mwisho nilizipa folda zake majina upya, namba mbele, kisa nyuma. Ya Bibi Kalunde niliiacha iwe ya mwisho. Nikaweka namba ya kiwanja, nikaacha kuku wake pale pale alipomwacha mwenyewe, nikahesabu picha mara mbili, na mwishoni mwa jina nikaongeza neno moja: Amefika.